Kwa Nini Golikipa wa Kwemvungu Huimba

Zamani, ukungu wa Kwemvungu ulipokuwa bado haujaizoea sauti ya mtu, golikipa wa timu yetu, Majani Mabichi, alisimama langoni kimya kama makipa wa kwingine. Ninyi mmezaliwa mkikuta anaimba, mkadhani ndivyo mpira ulivyo. Sivyo. Kulikuwa na mwanzo.

Uwanja wenyewe ulichongwa kwa majembe kwenye bega la mlima. Wachuma chai waliuchonga, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka miwili. Upande wa mashariki, hatua ishirini kutoka mstarini, ardhi iliishia kwenye genge, na chini yake mlionekana vilele vya msitu tu. Ukungu ulipanda kutokea huko, taratibu, kama mgeni anayeijua njia. Ukifika, refa alipuliza filimbi na watu wakarudi makwao. Majirani walitania kwamba Majani Mabichi haijafungwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona ikimaliza mechi.

Kipa wa siku hizo aliitwa Mbelwa, mtu mrefu mwenye mikono isiyoangusha kitu. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi. Nyumbani neno likimkwama, mdogo wake Kiondo alimmalizia, na wakaendelea kula. Kiondo alikuwa winga wa timu, mwepesi wa miguu na wa maneno. Lakini uwanjani hakukuwa na wa kumsemea kipa.

"Mbelwa, mwanangu," kocha, Mzee Shebughe, alimwambia, "mabeki wako wanacheza kama yatima. Waambie hata neno moja."

Mbelwa aliinamisha kichwa. Neno alikuwa nalo. Mlango wa kulitolea ndio aliokosa.

Ikaja mechi na timu ya Bondeni, mshindi apande ligi ya wilaya. Zilikuwa zimebaki dakika kumi, bila bao, ukungu ulipoanza kupanda. Refa akaona bora wamalizie. Mpira mrefu ukapigwa upande wa mashariki, Kiondo akaukimbilia, na weupe ukajifunga nyuma yake kama pazia.

Filimbi ikalia. Watu walinyoosha mikono wasiione. Walipoitana majina, Kiondo hakuitika karibu. Aliitika mbali, sauti yake nyembamba, "Niko wapi?"

Kila mtu akapaza sauti kumjibu. Huyu alisema njoo huku, yule alisema simama hapo, na genge likarudisha yote yakiwa yamechanganyika. Kiondo aliuliza tena, na safari hii ilikuwa kama anauliza kutoka juu mawinguni.

"Nyamazeni," akasema Mzee Shebughe. "Mnampoteza. Aite mmoja tu, kaka yake."

Pakawa kimya. Mbelwa, ameshika mlingoti wa goli, akafungua kinywa. Herufi ya kwanza ya jina la mdogo wake ikamganda kooni. Akajaribu tena, jasho likimtoka katika baridi ile, na aliyezoea kummalizia neno ndiye aliyekuwa amepotea. Huko mbele kitu kikaanguka. Kilichukua muda mrefu kabla ya kusikika kikigonga matawi.

Hapo Mbelwa akamkumbuka mama yao, marehemu, aliyechuma chai katika ukungu kama ule huku akiimba ili wanawe wasipotee kati ya mistari ya michai. Akaimba.

*Niko hapa, mwanangu, niko hapa,*
*yaache macho, fuata sikio,*
*niko hapa.*

Kigugumizi hakikuingia. Sauti ilitoka nzima, na alipoisikia alishangaa kana kwamba mtu mwingine amesimama langoni. Hakuthubutu kuacha. Ukungu uliibeba sauti polepole, na watu wakaanza kutokea mmoja mmoja, nyuso zao zimelowa. Mkono wa kwanza kuushika mlingoti kando ya wake ulikuwa wa nahodha wa Bondeni. Akafuata refa, kisha mabeki wa pande zote mbili.

"Endelea, kaka," nahodha akamnong'oneza. "Usinyamaze."

Aliimba hadi akapoteza hesabu ya mara alizorudia. Mwishowe Kiondo akatokea, anachechemea, mguu mmoja hauna kiatu. Kiatu ndicho kilichoanguka. Akamgeukia kaka yake.

"Sikujua ni wewe," akasema. "Nilidhani ni mama."

Mbelwa alitaka kumjibu, neno likamkwama. Kiondo hakulimalizia. Alisubiri mpaka likatoka lenyewe.

Mpira haukuonekana tena. Mechi ilirudiwa Jumapili iliyofuata, Bondeni wakashinda mabao mawili kwa bila, wakapanda wao. Mbelwa alibaki na kigugumizi chake hadi uzeeni.

Na tangu siku hiyo, ukungu ukianza kupanda Kwemvungu hakuna anayekimbilia nyumbani. Golikipa huanza kuimba, na kila aliye uwanjani huifuata sauti mpaka langoni, wakaketi hapo hadi weupe upite. Ndiyo maana kocha wetu akitafuta kipa humwambia aimbe kwanza, ndipo amrushie mpira, na ndiyo maana tumekuwa na makipa waliofungwa sana lakini hawakuondolewa langoni. Wageni waliokuja kushindana hukaa kwenye nyasi bega kwa bega na wenyeji, kimya, wakimsikiliza mtu waliyetoka kumfunga mabao.