Kikapu Kabla ya Kuku

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mnaitika kama watu waliotuma maombi ya kazi mara arobaini. Paukwa!

PAKAWA!

Hapo zamani za kale, kabla ya sivii na intavyuu, palikuwa na kijiji kichanga. Kilijitenga juzi tu na mfalme mkali. Chumvi kinayo, chuma hakina. Na shamba hulimi kwa kucha, au siyo? Wahunzi walikaa ng'ambo ya mlima, na mvua ilibakiza mwezi mmoja.

Mkuu wa kijiji, Mrutu, akatuma wajumbe wakapatane nao, chumvi kwa majembe. Akawachagua akina nani? Wapwa zake! Konekshen haikuanza leo, ndugu zangu.

Wakaenda, tinga, tinga, tinga. Wahunzi wakawachinjia mbuzi. Wakala, nyam, nyam, nyam. Ndipo kikaletwa kikapu cha kupimia chumvi, kikubwa kama zizi! Lakini desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: ukishakula kwa mtu, kukagua kipimo chake ni kumtukana. Wapwa wakanyamaza. Chumvi yote waliyobeba ikaisha, wakarudi na majembe mawili. Mawili! Kijiji kizima! Siriazi?

Mrutu akamwendea Bibi Namkunda, msusi wa vikapu, ajuza aliyekwisha kuzika wakuu watatu.

"Bibi, tutakufa njaa."

"Mjukuu wangu, wapwa zako wana matumbo hodari. Niletee kila anayetaka kutumwa."

Wakaja ishirini. Bibi akatandika mkeka, akaweka ugali na kuku. Kando akaweka chumvi na kikapu.

"Karibuni. Mkishiba, mtanipimia vikapu kumi."

Nyam, nyam, nyam! Kumi na tisa walishazama. Mmoja hata mikono hakunawa: Nakiete, binti mwenye lugha nne za masokoni na asiye na kazi, kutwa anachambua maharage kwa shangazi yake. Mnamjua. Mtaani amejaa.

Akakipindua kikapu, akakigonga. Ko, ko.

"Bibi, kikapu chako kina vitako viwili, kimoja cha uongo. Tuelewane kwanza. Kuku nimemwona, hakimbii."

Bibi akacheka. "Huyu."

"Huyu?" mpwa mmoja akaropoka, mdomo umejaa. "Baba yake nani?"

"Wewe tafuna."

Nakiete akaenda na wabeba chumvi, tinga, tinga, tinga. Mbuzi akaletwa, ananukia.

"Wazee wangu, shikamooni. Njaa ninayo kweli, ndiyo maana naomba tupime kwanza."

Mhunzi mkuu akakunja uso. "Binti, unatuona wezi?"

Mvua ya kijiji kizima ikaning'inia hapo.

"La, mzee. Bibi yangu amesuka vikapu hivi viwili sawasawa. Kimoja kikae kwenu, kimoja kwetu. Siku mkitushuku, linganisheni."

Mhunzi akajaza kimoja chumvi, akamimina katika kingine. Shwaaa! Ikajaa, haikumwagika, haikupelea. Akaguna.

"Kikapu kimoja, jembe moja. Sasa kula, binti, kabla sijajuta!"

Majembe arobaini yakavuka mlima. Mvua ikakuta mashamba yamelimwa.

Bibi Namkunda alishafariki. Lakini kule, wakitaka kuchagua mjumbe, bado huweka kuku na kikapu, kisha hutazama mkono unaanzia wapi.

Basi, nyinyi mnaochagua: kazi mpeni anayeiweza. Mpwa mpeni kuku.

Hadithi yangu naitua hapo. Nakiete alipata kazi, na sisi tungali hai.