Kwa Nini Sheria ya Mfereji Haibadiliki

Hapo kale, kabla watu wa milima hii hawajaujua uzito wa kiapo, sheria ilikuwa nyepesi kama pumba. Koo tatu zilitumia mfereji mmoja: wa juu, wa kati na wa chini. Siku ya kuzibua mfereji, waliofika na majembe ndio walioamua zamu za maji, na neno lao likawa sheria.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Mwaka huohuo Nakijwa wa ukoo wa chini alifiwa na mume. Kwa mila yao, wafiwa hawagusi jembe mpaka matanga yaanuliwe, basi ukoo mzima ukakaa msibani. Huku nyuma Mrindoko, mkuu wa ukoo wa juu, aliwashawishi wa kati, wakaamua maji yasishuke bondeni mpaka mashamba ya juu yashibe.

Nakijwa alipotoka matangani aliukuta mtama wake umekauka ungali mchanga. Akapanda kwa Mrindoko, binamu wa marehemu.

"Shemeji, mmetufungia maji tukizika."

"Tuliamua, nanyi hamkuwepo."

Njaa ikamchukulia watoto wawili. Wa kati walipokuja kuchimba kaburi la pili, hofu iliwaingia: wakifiwa wao kesho, nani atawalindia zamu?

Koo zikaitana. Nakijwa akataka sheria isiguswe tena mpaka kila ukoo ulete figa kutoka jikoni kwake. Yakitimia matatu chungu kiinjikwe, na hapo tu sheria ibadilishwe. Mrindoko alikubali kabla ya wote, watu wakamsifu. Wakala kiapo.

Kulipokucha Nakijwa alikwenda na jembe kufungulia maji. Alimkuta Mrindoko ameketi juu ya kizuizi.

"Weka jembe chini, shemeji. Sheria ni ile tuliyokuwa nayo jana tulipoapa: maji hayashuki. Leteni mafiga matatu tuibadilishe."

"La tatu liko kwako."

"Liko jikoni. Mke wangu anapikia."

Ndipo Nakijwa alipotambua kwamba alikuwa amefunga mlango mwizi akiwa ndani. Kukivunja kiapo hakuthubutu, maana bila kiapo wangerudi kulekule kwa kuamuliwa wakiwa makaburini.

Na tangu siku hiyo, kila mwaka mafiga mawili hupelekwa mferejini. Watu huyakalia wakingoja la tatu mpaka jua lichwe, kisha kila mmoja hubeba lake akarudi. Ndiyo maana bondeni kwetu hulimwa mihogo isiyongoja maji ya mfereji, si mtama.