Fisi Aliyetoa Pole

Kitendawili! Huingia kila nyumba bila hodi, na mbwa hambwekei. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni usingizi.

Huyo tumemzoea, hana ubaya. Lakini jana mlimsikia mzee Mhoja akimwambia yule kijana wa chama, "Mvaa ngozi ya fisi, aliyemvika hamjui," mkanijia mbio kuuliza ametoa wapi maneno hayo. Sikilizeni basi, chimbuko lake ni hili.

Zamani, nchi ya Bukandwe ilitawaliwa na Mtemi Lugoye. Kila mavuno watu walimpelekea mtama wa akiba, ukawekwa katika ghala kuu uje uwafae mwaka wa njaa. Lugoye akauuza kwa siri, akapata bunduki. Haukupita muda, watu wakaanza kunong'ona kwamba ghala ni tupu.

"Maneno ya barazani yanavuja," Mtemi akasema. Akachagua vijana wachache aliowaamini, waliojua siri ya ghala, akawaita Wazibaji, kazi yao kuingia majumbani mwa watu kumsaka anayevujisha, wamejificha ndani ya ngozi za fisi wasijulikane. Mmoja wao alikuwa Shigela, mtoto wa mjane. Mtemi alimvika ngozi ya fisi kwa mikono yake mwenyewe, ngozi nzima na kichwa chake na meno yake, taratibu, kama baba amvishaye mwanawe hirizi.

Basi Bukandwe kukawa na fisi wa mchana. Jua likiwa utosini, watu wako mashambani, fisi wanakatiza nyuani kimya. Mbuzi hawamgusi, mfupa hawauokoti. Wanafunua vyungu, wanachungulia mivunguni, wanaondoka. Kina mama wakawakataza watoto hata kulitaja jina la mnyama yule.

Shigela naye mambo yakamgeukia. Akivua ngozi, harufu haimtoki. Mbwa wake, aliyemlea tangu hajafumbua macho, alimwona akajikunyata, akajikojolea. Mama yake akawa anampa chakula akitazama pembeni, wala hajui kwa nini.

Siku moja Shigela akaingia kwa mzee Nkwabi, aliyempinga Mtemi waziwazi. Alidhani hamna mtu. Kumbe jikoni yumo bibi Kabula, mama yake Nkwabi, kipofu. Shigela akabana pumzi. Bibi naye akaugeuzia uso pale pale aliposimama fisi, kama anayemtazama. Kisha akainuka, akajikwaa kwenye figa.

"Pole, bibi," fisi akasema.

Neno lilimtoka lenyewe. Ndivyo alivyolelewa.

"Nimeshapoa, mjukuu wangu." Bibi akanyoosha mkono, akaukamata mkia. "Lo! Fisi wa siku hizi wana adabu kuliko wakwe zangu. Mnamtafuta aliyetuambia habari za ghala? Panya! Wote wamehamia kwetu, wamekonda kama sindano. Panya gani ahame penye mtama? Sasa nami niambie: nani kakutuma?"

Shigela akajaribu kuuchomoa mkia, wapi. Angeweza kumsukuma akatoroka, lakini nani amsukume bibi kizee? Bibi akapiga ukunga. Watu wakaja na majembe yao, wakamburuta mpaka barazani.

Sheria ya Bukandwe ilikuwa moja: fisi aingiaye nyumbani huchomwa mkuki, hutupwa porini, haliliwi wala hazikwi.

"Mchomeni hivyo hivyo," Mtemi akasema upesi. "Asivuliwe."

"Mtemi, huyu ni mtu," mzee Nkwabi akasema. "Humfahamu?"

"Mimi nifahamiane na fisi?"

Watu wakacheka. Shigela akamtazama Mtemi kupitia matundu ya macho. Mtemi naye alimtazama kama mtu atazamaye kinyesi njiani, hana hasira, hana haya. Wazibaji wenzake walisimama nyuma ya kiti, nyuso safi, wakiangalia mbali. Na katikati ya umati alikuwapo mama yake Shigela, naye amekuja kuona fisi akichomwa.

Mkuki ukainuliwa.

"Ngojeni," bibi Kabula akasema. "Nilimuuliza neno, hajanijibu."

"Fisi hasemi!" Mtemi akafoka.

"Kwangu alitoa pole. Mjukuu wangu, nani kakutuma?"

Shigela akaipasua ngozi, uso wake ukatokeza juani.

"Ni huyu, bibi. Mtemi Lugoye. Na panya wako wamesema kweli, mtama ameuuza yeye. Nilimwita baba. Kumbe mvaa ngozi ya fisi, aliyemvika hamjui."