Bomba Lililotema Bangili

Sogeeni, wanangu, niwaambie. Zamani sana, wanyama walipokuwa wakijenga miji na kupangisha vyumba, mto wa mji wao uligeuka mweusi. Ulinuka, phuu! Samaki wakaelea matumbo juu.

Vifaranga wa Mama Kanga wakanywa maji yale. Wakaharisha sana. Mmoja akafia chini ya bawa lake.

Jirani yake Nguchiro, mdogo wa umbo lakini mjanja, akaenda kwa Kiboko, mwenye ghorofa kubwa kuliko zote.

"Shikamoo, mzee. Majitaka ya wapangaji wako yanakwenda wapi?"

"Shimoni!" Kiboko akanguruma. "Unanishuku mimi?"

Nguchiro akaenda kwa Nyati, mwenye hoteli, akauliza vilevile.

"Shimoni! Toka hapa!"

Nguchiro akashuka mtoni. Majanini akaona midomo ya mabomba ikitapika, bwaa! bwaa! Lakini ni ya nani? Yote yalikuwa yamefukiwa ardhini.

Basi akapanda jiwe, akapaza sauti: "Jamanieee! Bomba moja limetema bangili ya fedha! Mwenye bomba aje alioneshe, achukue mali yake!"

Tii! Tii! Tii! Kiboko huyo, mbio. "Yangu hiyo! Bomba langu ni lile nene!"

"Mwongo!" Nyati akafoka. "Imetoka kwangu, lile la pembeni!"

"Ala! Si mlisema shimoni?" Nguchiro akauliza.

Kiboko akainamisha kichwa. "Mashimo yalijaa. Mabwawa ya mji ya kusafisha majitaka yalibomoka, hakuna aliyeyatengeneza. Tungepeleka wapi?"

Nguchiro akadhani amemaliza. Mara akaja Ngiri. Akaja Digidigi. Akaja Komba. Kila mmoja akaonesha bomba lake.

Mwisho akaja Mama Kanga, macho mekundu.

"Naomba hiyo bangili nikapate dawa ya waliobaki," akanong'ona. "Bomba langu ni lile dogo, linatoka chooni kwangu."

"Hata wewe, Mama Kanga?"

"Nilidhani uchafu wangu ni kidogo, hautadhuru."

Nguchiro akashindwa hata kufurahia ujanja wake. "Hakuna bangili," akasema. "Nimewadanganya."

Hakuna aliyemkemea. Kisha Nyati akaleta sururu, wakaanza kung'oa mabomba na kuchimba mabwawa upya, Mama Kanga naye akibeba udongo.

Lakini mto haukutakata upesi. Kabla ya masika, kifaranga mwingine akafa.

Haya, wanangu, mjue hivi: anayemwaga uchafu mtoni, hata kidogo, huwanywesha watoto wake.