Firigisi Moja na Dumu la Dizeli

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kusema na sungura kuoa, zamani ya juzi tu, dizeli ikiuzwa kwa madumu huko milimani kwetu, alikuwako bwana harusi mmoja aitwaye Mbelwa. Kanzu anayo, koti analo, mchumba anaye. Gari hana. Gari alikuwa nalo Mzee Shekiondo peke yake, pikapu kuukuu ya dizeli iliyokula chumvi kuliko wengi wenu mliokaa hapa. Milango ilifungwa kwa kamba. Honi ilikuwa mdomo wa mwenyewe.

Mchumba alikuwa Saumu, ng'ambo ya mlima. Na harusi ilikwisha kuahirishwa mara mbili: mara ya kwanza bwana harusi kaugua malaria, mara ya pili mvua imekata barabara. Baba yake Saumu akatuma neno: "Ijumaa hii Sheikh anakuja kwangu, na ikiisha sala ya alasiri anaondoka, ana ndoa nyingine mbele. Akiondoka hamjafika, mahari yenu nayarudisha. Nimechoka kupika pilau ya mazoezi."

Safari ikaanza asubuhi. Mbele na Mzee Shekiondo kwenye usukani walikaa bwana harusi na shangazi yake, Bi Mwanamkasi, amepakata upawa na sufuria mpya za kumtunza bibi harusi. Nyuma alikaa Mahimbo. Huyu Mahimbo ndiye aliyemposa Saumu mwaka uliopita, wazee wakamkataa. Mnauliza alifuata nini? Gari lile halikwenda popote bila msukumaji, na kijiji kizima hakikuwa na mgongo kama wa Mahimbo. Basi kaenda kumsukuma mwenzake kwenye harusi ambayo ingekuwa yake. Dunia hii!

Wakapanda mlima wakiimba. Katikati ya mlima gari likakohoa. Likaenda, likakohoa. Likaenda, likakohoa, likatoa moshi mweupe, likatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, likazima.

Mzee Shekiondo akafungua filta, akamimina yaliyomo kiganjani, akanusa.

"Hii si dizeli," akasema. "Hii ni dizeli na maji. Nani kanitilia maji kwenye mafuta?"

Bi Mwanamkasi akajikohoza. "Mzee Shekiondo, lile dumu lako la njano, si nililiazima juzi kuchotea maji ya kupikia?"

"Uliliazima, ukalirudisha."

"Nikalirudisha. Sasa mimi mtoto wa watu, nimefundwa nikafundika, nitarudishaje chombo cha watu kitupu? Nikakuachia maji kidogo mle ndani. Ya baraka."

"Kidogo kiasi gani, Bi Mwanamkasi?"

"Kama kibuyu."

Mzee akashika kichwa. Yeye naye alikuwa ametia dizeli juu ya baraka ile bila kuchungulia, kisha dumu zima akalimimina kwenye tangi.

Hapo bwana harusi akaangua kilio. Nisiwafiche, mtu mzima yule, na koti lake, alilia kwa sauti. "Saumu wangu! Jua linakwenda! Atakayenifikisha leo, huyo ndiye atakayekula firigisi ya kuku wangu!"

Msicheke. Kwetu kuku wa bwana harusi huletwa mzima kwenye sinia, na firigisi ni moja, haikatwi, haigawanywi. Hupewa mtu mmoja aliyeheshimiwa kuliko wote. Watu wamenuniana miaka kwa firigisi.

Mzee Shekiondo akavua shati, akaingia uvunguni mwa gari, akalala kwenye tope, akafungua tangi kwa chini. Maji na dizeli vikamwagika usoni mwake. Alitaka kuviacha viende na mlima, Bi Mwanamkasi akapiga ukelele.

"Usimwage! Mkimwaga, gari litatembelea nini, dua?" Akasukuma sufuria za bibi harusi chini ya tangi, moja, mbili, tatu, zikajaa. "Sasa ziacheni zitulie. Maji huenda chini, mafuta huja juu. Kwani nyie wanaume hamjawahi kuangalia mchuzi?"

Zikatulia. Akachukua upawa, akaanza kuengua. Akaengua taratibu, akachuja kwa kanga yake mpya ambayo hajaivaa hata siku moja, kutu ikabaki kwenye nguo, dizeli ikarudi tangini inang'aa. Mzee naye akasafisha filta, akairudisha.

Ikabaki hewa kwenye mabomba. Mtu alipaswa kubonyeza pampu ndogo ya mkono, tena na tena, mpaka povu liishe. Vidole vya Mzee Shekiondo vina baridi yabisi. Bwana harusi bado anafuta machozi kwa koti lake. Wote wakamtazama Mahimbo.

Mahimbo akalitazama jua. Akamtazama Mbelwa. Akalitazama jua tena. Kila mtu alijua anawaza nini, maana hata mimi ningewaza. Kisha akainama akashika pampu. Akabonyeza, povu. Akabonyeza, povu. Akabonyeza mia, akabonyeza mia nyingine, povu. Kidole gumba kikavimba kama kiazi, ndipo ikatoka dizeli tupu.

Gari likakohoa mara moja, likawaka! Wakapiga vigelegele wote, hata bwana harusi.

Lakini walipofika, alasiri ilikwisha kupita. Baba mkwe amesimama uani, bahasha ya mahari mkononi. Na pembeni yake, Sheikh! Yupo! Miguu peku, amefura kwa hasira. Viatu vyake vimepotea tangu alipoingia kusali, na nyumba nzima inavitafuta mpaka kwenye banda la kuku.

"Maadamu bado nipo," akasema Sheikh, "leteni huyo kijana tumalize." Ndoa ikafungwa, Sheikh peku.

Sinia likaja. Kuku akaja. Mbelwa akaichomoa firigisi, akaishika kwa vidole viwili, na maneno yakaanza.

Mzee Shekiondo akasema: "Ni yangu. Gari langu, spana zangu, na mgongo wangu ndio uliolala kwenye tope. Maji niliyajua mimi kwa pua yangu. Bila mimi mngekuwa mlimani hadi sasa."

"Ungechungulia dumu tusingekwama," akasema Bi Mwanamkasi. "Ni yangu. Maji nilitia mimi, nimekiri, na maji nikayatoa mimi. Kanga yangu mmeiona ilivyo? Tena sikilizeni. Miaka hamsini nasafisha mafirigisi, nayapasua, nayatoa mchanga kwa kucha hizi, nawapakulia wanaume. Sijaonja hata moja!"

Wazee wakaguna. Nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele vilivyokaribia kung'oa bati.

Mahimbo akainua kidole chake kilichovimba. "Mimi sina maneno. Nilitakiwa kukaa tu. Ningekaa tu, na leo Saumu..." Akakishusha kidole. "Lakini nilibonyeza." Watu wakainamisha macho, maana walimwonea huruma kweli.

Mbelwa jasho likamtoka. Alipotaka kufungua mdomo, sauti ya Saumu ikatoka nyuma ya pazia:

"Mume wangu, kabla hujampa mtu, mwambie Sheikh aje achukue viatu vyake. Nimevikalia."

Sheikh akapaliwa na maji. Baba mkwe akakaa chini.

Haya basi, nyinyi mabingwa wa kuhukumu mambo ya watu. Yuko asiyechungulia dumu lake akalala kwenye tope. Yuko aliyetia maji akayaengua. Yuko aliyeumiza mkono kwa ndoa ya mwenzake. Na yuko aliyekalia viatu vya mtu wa Mungu ili aolewe na amtakaye. Firigisi ni moja, haikatwi, na inapoa. Ungekuwa wewe ndiye Mbelwa, ungempa nani?