Bangili ya Tusekile

Sogeeni. Ninayo kesi, na hakimu wake bado sijampata.

Tusekile, binti wa miaka saba, alimwagikiwa uji wa moto mkononi. Kila bandeji ilipobanduliwa ilitoka na ngozi changa, naye akalia mpaka sauti ikamkauka. Vidole vikaanza kugandana. Daktari akamwambia mama yake kwamba vikipona hivyo havitafunguka tena, akawapeleka kwenye maabara ya chuo, kwa watu watatu wenye vipawa.

Ambakisye alijua kuunda chembe zisizoonekana kwa macho. Alizitengeneza kwa namna yake: kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia, na ubavuni zinashikana. Ukizimwaga juu ya maji ya beseni zinajipanga zenyewe bega kwa bega, zinakuwa utando mwembamba ajabu, laini, usiong'ang'ania kidonda.

Lakini kila siku utando ulichanika. Sekela, mwenye jicho kali, ndiye aliyegundua kisa: wenzake, kwa usafi wao wa kupindukia, walisugua beseni kwa sabuni, na masalia ya sabuni yakawahi nafasi juu ya maji. Akapiga sabuni marufuku, akazima feni, akawavua watu viatu. Maji yakatulia, utando ukakamilika.

Sasa nani auinue bila kuukunja? Mzee Mwakaje, muuguzi mwenye mikono myepesi, alibana pumzi, akauopoa kwa kitanzi cha waya, akaviviringishia vidole kimoja kimoja.

"Unaumia, mjukuu wangu?"

"Kwani umeshaweka, babu?"

Mama yake akageukia ukutani, akalia kwa furaha.

Baada ya wiki sita vidole vilifunguka. Kwa mkono uleule Tusekile akatunga bangili ya shanga, siku nne nzima, shanga zikimponyoka. Aliweza moja tu. Akaipeleka maabara.

"Mpe Sekela, mwanangu," Ambakisye akasema. "Mimi sikujenga kitu, chembe zilijipanga zenyewe."

"Mimi nilikataza sabuni tu," Sekela akasema. "Mpe babu."

"Mimi nilibeba kazi ya wenzangu," Mwakaje akasema. "Mpe Ambakisye."

Tusekile akabaki katikati, bangili mkononi. Aliwapenda wote, na hakutaka yeyote aondoke mikono mitupu. Mkono wenyewe, mchanga bado, ukaanza kuchoka.

Haya, msimcheleweshe mtoto. Ninyi mngesema aipokee nani?