Kitambaa Chekundu cha Katikati ya Kamba

Sogeeni karibu. Aliye nyuma asogee hadi auone mdomo wangu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikifika mwisho nitawauliza jambo, na sitaki mtu aseme hakusikia.

Huko milimani Upare palikuwa na shule iliyoitwa Kimbereni. Kijiji chake kilikatwa katikati na mfereji wa maji. Walioishi upande wa kilimani waliitwa watu wa Juu, na walioishi upande wa bondeni waliitwa watu wa Chini. Watu wa Juu walisema watu wa Chini ni wavivu. Watu wa Chini walisema watu wa Juu wana maringo. Watoto waliyasikia maneno hayo nyumbani, wakaja nayo shuleni.

Shule hiyo ilikuwa na timu ya wasichana wanane wa kuvuta kamba. Watatu kati yao ndio ninaotaka muwajue vizuri.

Wa kwanza ni Nakijwa, mtoto wa Chini. Alisimama mwisho wa kamba, akiizungusha kiunoni. Kipaji chake kilikuwa uzito na subira. Nakijwa akichimba visigino ardhini, hata ndugu zake wakubwa hawakuweza kumng'oa.

Wa pili ni Mwanaidi, mtoto wa Juu. Alikuwa mdogo kuliko wote, akasimama mbele kabisa, ana kwa ana na wapinzani. Kipaji chake kilikuwa jicho na sauti. Baba yake alikuwa mmoja wa wanaume wanaoteremsha magogo kutoka msituni kwa kamba. Mmoja wao huita, "Gogo!" Wenzake hujibu, "Lije!" na hapo ndipo wote huvuta. Havuti mtu kwenye mwito. Wanavuta kwenye jibu. Mwanaidi ndiye aliyeuleta mtindo huo shuleni, na yeye ndiye aliyeita.

Wa tatu ni Apaikunda, naye wa Juu. Hakuwa na nguvu za kushangaza, wala sauti yake haikufika mbali. Kipaji chake kilikuwa kuwajua wenzake. Alijua nani ameamka bila kula, nani kagombana na dada yake, nani anasema haumii ilhali anaumia. Mazoezini alikuwa akileta makande kwenye sinia moja, na ungeketi kando ya nani ilikuwa juu yake kupanga.

Sasa, katika wilaya ile kulikuwa na desturi. Katikati ya kamba ya mashindano hufungwa kitambaa chekundu. Timu inayoshinda hukifungua, na nahodha wake hukivaa mkononi hadi nyumbani. Kitambaa hulala kwake mwaka mzima. Mwaka unaofuata nahodha huyohuyo hukirudisha kikiwa kizima na kukifunga kwenye kamba kwa mkono wake, watu wote wakimtazama. Hakuna mtoto asiyekitamani.

Lakini Kimbereni haikuwa na nahodha. Aliyekuwa nahodha, Nietiwe, alihama na wazazi wake karibu na fainali. Wasichana wa Juu wakasema, "Nahodha ni Mwanaidi." Wa Chini wakasema, "Ni Nakijwa, kwani huyo mdogo amebeba nini?" Apaikunda hakutajwa na mtu.

Mwalimu Mshana akawasikiliza, kisha akasema, "Vuteni kwanza. Nahodha wenu mtamwona kwenye kamba."

Siku ya fainali wakateremka kwa lori hadi uwanjani, kupambana na shule ya Tambarare. Wasichana wa Tambarare walipowaona wakaanza utani.

"Jamani, hawa wa milimani wamekuja kuvuta kamba au kufungwa nayo?"

Walitakiwa kuvuta mara tatu, na atakayeshinda mara mbili ndiye bingwa.

Mara ya kwanza Mwanaidi aliita, "Gogo!" Wasichana wa Juu wakajibu, "Lije!" Wa Chini wakafunga midomo. Hawakutaka kumjibu mtoto wa Juu, hasa aliyetaka kuwa nahodha wao. Basi nusu ya timu ikavuta kwenye jibu, na nusu nyingine ikavuta baadaye kidogo. Kitambaa chekundu kikaenda Tambarare upesi, kama kimeitwa.

Siwema, msichana wa Chini, akaitupa kamba chini. "Mimi basi," akasema, akaelekea kwenye lori. Wawili wa kwao wakamfuata. Na timu isiyotimia wanane haikuruhusiwa kuvuta.

Hapo Apaikunda akaondoka kimyakimya, akamfuata Siwema.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye lori. Mwiteni mwingine wa Juu aje avute. Si mnajua kila kitu?"

"Simtaki mwingine. Muhula mzima nimevuta nyuma ya mgongo wako. Ukishusha bega la kulia, najua unataka kuvuta. Mgongo wa mtu mwingine siujui."

Siwema akapunguza mwendo. Kisha akasema, "Mwanaidi ana maringo."

"Anayo," akasema Apaikunda. "Hata kwao wanajua."

Siwema akacheka bila kutaka.

"Lakini ukijibu 'lije', humjibu yeye," Apaikunda akaendelea. "Unaniambia mimi niliye nyuma yako kwamba sasa tunavuta. Ukinyamaza, mimi ndiye unayeniacha."

Siwema akajifuta viganja kwenye sketi, akageuka. Wale wawili, walipomwona anarudi, nao wakarudi. Wakawa wanane tena.

Mara ya pili manyunyu yalikuwa yamelowesha nyasi. Walijibu wote kwa sauti moja, wakavuta vizuri, lakini msichana mmoja akateleza, akamwangusha wa pili, wa pili akamwangusha wa tatu. Timu nzima ikaenda chini, isipokuwa mtu mmoja.

Nakijwa alikuwa amejiegemeza nyuma, visigino vimezama, kamba inamkata kiunoni. Wasichana wa Tambarare walivuta, yeye akabaki. Wakavuta tena, akabaki.

"Inukeni taratibu," akasema kwa meno yaliyoumana. "Mimi nipo."

Wakainuka mmoja mmoja, wakashika kamba. Mwanaidi akaita, wote wakajibu, na safari hii kitambaa kikaja upande wao. Nakijwa alipofungua kamba kiunoni, ngozi ilikuwa imechubuka pande zote. Akashusha blauzi, akarudi mahali pake.

Mara ya tatu kila timu ilikuwa imechoka. Kamba ilikazwa, na kitambaa kikasimama katikati, hakiendi huku wala kule. Mwanaidi hakuita.

"Ita basi," Siwema akanong'ona. "Mikono inakatika."

Mwanaidi hakuita. Alikuwa akimtazama msichana wa mbele wa Tambarare. Wenzake walilalamika, na kijasho kilimwingia machoni, lakini hakupepesa. Mwishowe yule msichana akaachia vidole kidogo ili ashike upya.

"Gogo!"

"Lije!"

Kitambaa kikavuka mstari.

Jioni lori likawashusha kwenye daraja la mfereji, mahali ambapo njia ya Juu na njia ya Chini huachana. Mwalimu Mshana akatoa kitambaa mfukoni.

"Hiki hakilali shuleni," akasema. "Kinalala kwa nahodha. Ni nani?"

"Mimi nakitaka," akasema Nakijwa. "Sitawadanganya. Mlipoanguka, nilibaki peke yangu."

"Na mimi nakitaka," akasema Mwanaidi. "Kubaki kulituokoa, lakini kubaki peke yake hakushindi. Mara ya mwisho ningeita mapema, tungekuwa tunalia sasa."

Siwema akakohoa. "Mimi nasema kiende kwa Apaikunda."

Wasichana wa Chini wakamtazama kwa mshangao, kwa kuwa Apaikunda alikuwa wa Juu.

"Kama asingenifuata, hata hiyo mara ya pili isingekuwepo," akasema Siwema.

"Apaikunda, na wewe unakitaka?" Mwalimu akauliza.

Apaikunda akatazama miguu yake. "Nani asiyekitaka, Mwalimu?"

Mmoja akasema kikatwe vipande vitatu. Mwalimu akatikisa kichwa, kwa kuwa mwakani kitambaa kinatakiwa kizima. Mwingine akasema wakipokezane, lakini Mwalimu akamwuliza ni mkono wa nani utakaokifunga kwenye kamba mwakani.

Giza likaanza kuingia. Huko Juu mama mmoja alimwita mwanawe, na huko Chini mwingine akamwita wake. Hakuna aliyeondoka darajani.

Mimi nimewafikisha hapo, na zaidi ya hapo sijui. Kitambaa kiko mkononi mwa Mwalimu, nao wasichana wanane wanawasubiri nyinyi. Kuna aliyewashikilia walipoanguka. Kuna aliyewaita kwa wakati wake. Kuna aliyewarudisha walipoachana.

Msinijibu haraka. Fumba macho kwanza, ujione umeishika kamba ile mwakani, nyasi zimelowa na viganja vinawaka. Unataka nani awe amekifunga kitambaa kile?

Haya, fumbua macho. Tuanzie kwako wewe uliye karibu na mlango: ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini?